Mchanga Chini ya Maji: Historia ya Sakafu ya Tangi la Samaki, Kutoka London Hadi Mbooni

Nimekuwa nikiwachosha na habari za programu, seva na hifadhidata, leo naomba tuweke kompyuta kando tuzungumze habari za mchanga. Najua wapo watakaouliza, blogu ya teknolojia na mchanga wapi na wapi? Nivumilieni. Teknolojia haikuanza na umeme. Mtu anayetandika udongo na mchanga chini ya tangi la samaki, na mtu anayejenga ukuta katika mto mkavu kule Mbooni, wote wawili wanahangaika na swali moja: nini kikae chini ya maji, kwa mpangilio gani, na kikiharibika kitabadilishwa vipi bila kuua kilicho hai juu yake?

Swali hilo lina historia ndefu, na sehemu yetu ya historia hiyo haisimuliwi sana. Nitaanza na matangi, kisha twende Ukambani, halafu turudi kwenye hesabu. Mimi ni mtu wa hesabu, bila hesabu siridhiki.

Sakafu ya tangi ni nini hasa

Ukiona tangi la samaki sebuleni kwa mtu, macho yanakwenda kwa samaki. Anayefuga mimea ya majini anaangalia chini. Pale chini ndipo mizizi inaposhika, ndipo uchafu wa samaki unapotua, na ndipo bakteria wanapofanya kazi yao ya kimya kimya. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huila. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga bakteria hao na kueleza kazi yao karibu na mwaka 1890, lakini aliwapata udongoni. Wakulima walikuwa wakiishi nao tangu zamani bila kujua majina yao.

Kwa hiyo sakafu si pambo. Kwa lugha yetu sisi waandika programu, ni safu ya chini kabisa ya mfumo. Watumiaji hawaioni, na ikivurugika kila kilicho juu yake kinaanguka.

London, 1850

Mwaka 1832 mwanamke Mfaransa aliyeishi Messina, Jeanne Villepreux-Power, alitengeneza masanduku ya kioo ili achunguze viumbe wa baharini. Lakini hesabu ya sakafu tunaanza nayo kwa mkemia wa London aitwaye Robert Warington. Alichukua chombo cha galoni 12 hivi, akatia mchanga, matope na mawe chini, akapanda mmea wa Vallisneria, kisha akaweka samaki wawili wadogo wa dhahabu. Fikra yake ilikuwa kwamba mmea utatoa oksijeni, samaki wataitumia, na uchafu wa samaki utalisha mmea.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka majani makuukuu yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Suluhisho lake likawa konokono. Konokono walikula yaliyooza, maji yakatakata, na mwaka 1850 Warington akaandika matokeo yake kwa wanakemia wenzake. Angalieni jambo moja: mfumo wa kwanza ulioelezwa kisayansi ulikuwa na matope chini. Hakuwa na pampu wala chujio.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholifanya neno akwariamu lizoeleke. Tangi la samaki likawa fasheni ya mabwana na mabibi wa Kiingereza.

Changarawe, laterati, kisha udongo tena

Karne ya 20 ilipofika, watu waliyachoka matope. Kioo kikachafuka, nao walitaka usafi. Katikati ya karne ikaenea njia ya kuweka sahani yenye matundu chini ya changarawe na kuyavuta maji yapite humo, ili changarawe yenyewe iwe chujio. Samaki walifurahi kwa sababu bakteria wanaohitaji oksijeni walinawiri. Mimea haikufaidika sana. Changarawe iliyooshwa ikang'aa haina chakula, na oksijeni ikipita kila mahali, chuma hugeuka kutu na mizizi haiwezi kuinywa.

Hapo ndipo Wajerumani wawili, Kaspar Horst na Horst Kipper, walipokuja na mawazo mapya katika miaka ya 1980. Walichunguza mito ya nchi za joto inakoota mimea hiyo, wakapendekeza kuchanganya laterati, yaani udongo mwekundu wenye chuma kingi, katika tabaka la chini la changarawe. Watu wa Ulaya wakaanza kununua udongo mwekundu kwa pakiti. Mtoto wa Ukambani anayefua soksi zake za shule kila Jumamosi angecheka sana.

Kule Japani Takashi Amano, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1982 na kufariki mwaka 2015, aliufanya upandaji wa tangi uwe sanaa ya mandhari, na kampuni hiyo ikaja kuuza udongo uliofinyangwa punje punje. Marekani nako, mwaka 1999, Diana Walstad alichapisha kitabu Ecology of the Planted Aquarium. Hoja yake ilikuwa rahisi: chukua udongo wa kawaida wa bustani, utandaze sentimita mbili tatu, ufunike kwa mchanga au changarawe kiasi hicho hicho, panda mimea mingi tangu siku ya kwanza. Basi. Baada ya miaka 149 tulikuwa tumerudi kwenye matope ya Warington, tofauti ni kwamba sasa tulijua sababu.

Sababu zenyewe ni hizi. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, kwa hiyo hukamata virutubisho vyenye chaji chanya kama amoniamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, na kuviachia mizizi polepole. Pia, ndani ya udongo uliofunikwa oksijeni huwa kidogo, na pasipo oksijeni chuma hubadilika kuwa katika hali ambayo mmea unaweza kuitumia. Mchanga wa juu nao huzuia matope yasipande kwenye maji. Tabaka mbili, kazi mbili.

Sasa twende Mbooni

Mbooni ni milima iliyo kaskazini mwa kaunti ya Makueni. Mapokeo ya Wakamba yanasimulia kwamba hapo ndipo mababu walipotulia na kulima, kisha wakatawanyika kwenda Kilungu, Iveti, na ng'ambo ya mto Athi hadi Kitui. Ukiwa juu kuna ubaridi na vijito, ukishuka chini nchi inakauka upesi. Mito ya chini, kama Thwake na Kaiti, ni mito ya msimu. Mvua zikinyesha, za Machi hadi Mei au zile za Oktoba hadi Desemba ambazo Wakamba wanazitegemea zaidi, mto unajaa kwa saa chache, unavuma, unapita. Baadaye unabaki mchanga mtupu, mpana kama barabara.

Mchanga huo ni kazi ya mamilioni ya miaka. Mawe ya Ukambani ni ya kale sana, na yakimomonyoka chembe laini hubebwa na maji hadi mbali, kupitia Athi, Galana na Sabaki mpaka baharini karibu na Malindi. Punje ngumu za kwatzi ndizo zinazobaki njiani. Kwatzi haiyeyuki majini wala haibadilishi ugumu wa maji, na hiyo ndiyo sababu mchanga wa mto wa Ukambani ni sakafu nzuri sana ya tangi. Ukitaka kuhakikisha, dondoshea siki. Ukitoa mapovu una chokaa ndani, usipotoa uko salama.

Wenyeji hawakuhitaji siki. Walijua tangu zamani kwamba ukichimba mchangani mto ukiwa mkavu, utapata maji, tena masafi. Punda na mitungi hukusanyika hapo mpaka leo.

Fanya juu

Historia ya mchanga huo haiwezi kutengwa na historia ya udongo wa juu milimani. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliitazama wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa na Makueni ndani yake, ikaona makorongo na nchi iliyovuliwa nguo. Mwaka 1937 afisa Colin Maher aliandika ripoti ya kutisha kuhusu mmomonyoko huo. Dawa iliyochaguliwa ikawa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe wa Wakamba walianza kutwaliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na Julai mwaka huo Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, wakaenda Nairobi kudai ng'ombe wao. Walikaa huko kwa majuma. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini serikali ikalegeza kamba. Leo mtaa mmoja katikati ya Nairobi una jina lake, na wengi tunaopita pale hatujui kwamba chanzo chake ni ugomvi juu ya udongo.

Baada ya ng'ombe ikaja kazi ya matuta. Mtindo uliosukumwa mwanzoni ulikuwa wa matuta membamba, na watu waliyachimba kwa kulazimishwa. Mengi hayakudumu. Kilichokuja kudumu ni mtindo mwingine: unachimba mtaro kufuata kontua na kuurusha udongo upande wa juu wa mlima, ukingo unainuka, mvua zinaleta udongo wa juu zaidi unatua nyuma ya ukingo, na baada ya miaka kadhaa shamba la mteremko linakuwa ngazi tambarare. Mtindo huo unaitwa fanya juu. Kinyume chake, kurusha udongo chini, ni fanya chini. Majina hayo yamo katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima kama yalivyo, kwa Kiswahili, bila tafsiri. Kwa sisi tunaosumbuka kila siku kutafuta Kiswahili cha maneno ya kompyuta, hilo ni jambo la kujivunia. Neno husafiri likibebwa na kazi nzuri.

Kazi yenyewe ilifanywa na mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana vya Kikamba, wengi wao wanawake. Leo tunachimba kwako, kesho kwangu. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kinachoitwa More People, Less Erosion kuhusu nchi hii hii. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka karibu mara sita, kutoka kama 240,000 hadi kama milioni 1.4, na bado mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila mtu yakapanda. Wataalamu wa 1937 walitabiri jangwa. Watu walitandika upya sakafu ya milima yao, shamba kwa shamba, wakiishi juu yake.

Ukuta mtoni

Hatua iliyofuata ilikuwa mtoni kwenyewe. Bwawa la mchanga ni ukuta wa zege au wa mawe unaojengwa kukatiza mto wa msimu, ukiegemea mwamba ulio chini ya mchanga. Mafuriko yakija yanabeba mchanga na matope pamoja. Punje nzito zinatua nyuma ya ukuta, matope laini yanapita juu ya ukuta na kwenda zake. Baada ya misimu michache nyuma ya ukuta kumejaa mchanga, na mchanga umejaa maji. Jua la Ukambani linakausha maji yaliyo wazi haraka mno, lakini likikutana na mchanga hufika kina kidogo tu. Mbu hawana pa kutagia, ng'ombe hawakanyagi ndani, na maji yanachujwa yakiwa yamelala.

Baadhi ya mabwawa ya namna hiyo yalijengwa Ukambani wakati wa ukoloni, hasa miaka ya 1950. Kisha mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni huko Kola, Machakos, ambacho kilikuja kujenga mabwawa mengi kwa mikono ya wanavijiji. Ng'ambo ya Athi, shirika la SASOL lililoanzishwa mwaka 1990 lilisaidia jamii za Kitui kujenga zaidi ya mabwawa 500. Fundi analeta ujuzi na shirika linaleta saruji, lakini mawe, mchanga, maji na mikono ni vya wanakijiji. Hakuna mfumo wa maji ninaoujua wenye vifaa vichache kama huo. Hauna pampu, hauna betri, hauna hata swichi.

Punje kubwa, punje ndogo

Hapa ndipo tangi na mto vinapokutana, na ndipo niliposhawishika kuandika makala hii.

Mtu akisikia kwamba udongo wa mfinyanzi una nafasi nyingi za wazi kuliko mchanga, anaweza kudhani bwawa likijaa matope litahifadhi maji mengi zaidi. Ni kweli udongo laini hushika maji mengi. Tatizo ni kwamba hauyaachii. Vinafasi vyake ni vidogo mno na maji hung'ang'ania humo. Mchanga wa punje kubwa una nafasi za theluthi moja hivi ya ujazo wake, na sehemu kubwa ya maji hayo hutoka ukichimba shimo. Bwawa lililojaa matope ni kama benki inayopokea tu bila kulipa.

Ndiyo maana mafundi wengi walikuwa wakijenga ukuta kwa hatua, kimo kidogo kila msimu. Ukuta ukiwa mfupi, maji hupita kwa kasi na kuondoka na matope, mchanga mzito tu unabaki. Ukijenga wote kwa mkupuo mahali pasipofaa, maji yanatulia kama ziwa na matope yanatua. Na ndiyo maana pia matuta ya juu milimani ni sehemu ya bwawa hata kama yako mbali nalo. Shamba lisilo na matuta linatuma udongo wake laini mtoni, na udongo huo unaziba mchanga.

Kwenye tangi sheria ni ile ile. Matope chini, mchanga juu, na usivichanganye. Mchanga laini kupita kiasi, au wa kina kirefu mno, hujibana na maji hayapiti. Humo huzaliwa gesi yenye harufu ya mayai viza, salfidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kwa samaki na kwa mizizi. Punje za milimita moja hadi tatu, kina cha sentimita tano hivi kwa jumla, zinatosha matangi mengi. Kabla ya kutandika, chekecha kwanza, kisha osha ndani ya ndoo kwa kukoroga na kumwaga, tena na tena, mpaka maji ya kuoshea yatoke meupe. Unachofanya na ndoo yako ndicho mafuriko yanachofanya kwenye ukuta wa Thwake: kilaini kinamwagika, kizito kinabaki.

Kubadilisha sakafu bila kuzima mfumo

Udongo wa tangi huchoka. Baada ya miaka michache virutubisho vimekwisha au matope yamepanda juu, na inabidi kubadilisha. Anayesimamia seva anaijua hofu hii: kuhamisha hifadhidata huku watumiaji wakiendelea kuitumia. Samaki ndio watumiaji, na hawana subira.

Njia ya kwanza ni kuhamisha wote. Unaweka samaki kwenye ndoo kubwa pamoja na maji yao ya zamani, chujio linaendelea kufanya kazi ndani ya ndoo hiyo bila kukauka kwa sababu bakteria wamo ndani yake, halafu unaondoa sakafu yote na kutandika upya. Maji ya tangi yaliyo safi unayahifadhi uyarudishe, ukimimina juu ya sahani ili usichimbue mchanga. Udongo mpya hutoa amonia kwa siku nyingi za mwanzo, hivyo inabidi upime maji na kubadilisha sehemu yake mara kwa mara, na mimea iwe mingi.

Njia ya pili ni ya polepole, na mimi ndiyo ninayoipenda. Unavuta theluthi moja ya mchanga kwa mpira wa maji, unatandika mpya mahali pake, unasubiri wiki mbili, kisha theluthi nyingine. Bakteria wa sehemu ya zamani wanahamia mpya. Njia hii inafaa zaidi kwa mchanga au changarawe tupu. Udongo uliofunikwa ukiuchokoa samaki wakiwemo, unafungulia tope na gesi kwa pamoja.

Njia zote mbili zina kanuni moja, nayo ni kwamba usibadilishe kila kitu siku moja bila kubakisha sehemu hai ya kuanzia. Fanya juu ilifaulu kwa kanuni hiyo. Wakulima hawakuhama Mbooni ili milima itengenezwe.

Lori moja ni mitungi mingapi?

Nilisema bila hesabu siridhiki. Tangi lenye sakafu ya sentimita 60 kwa 30, kwa kina cha sentimita 5, linahitaji lita 9 za mchanga, yaani kama kilo 14. Ni kidogo. Lakini pale hadwea Nairobi ninakojaza kigunia changu, lundo ni kubwa kuliko nyumba, na ukiuliza mchanga umetoka wapi jibu ni Machakos, Makueni au Kajiado. Lundo hilo halikuletwa kwa ajili ya samaki. Limeletwa kwa ajili ya maghorofa.

Tuchukue bwawa la mchanga la kufikirika, lenye mchanga wa urefu wa mita 500, upana wa mita 20 na kina cha wastani cha mita 1.5. Huo ni eneo la mita 10,000 za mraba mara kimo, yaani mita za ujazo 15,000. Tukisema robo ya ujazo huo ni maji yanayoweza kuchoteka, tunapata mita za ujazo 3,750, au lita milioni 3.75. Kwa mitungi ya lita 20 ni mitungi 187,500 kila bwawa linapojaa.

Sasa lori moja lenye mita 10 za ujazo. Robo yake ni lita 2,500, yaani mitungi 125. Lori likiondoka, nafasi ya mitungi 125 imeondoka nalo, si kwa siku moja tu, bali kila msimu mpaka mto ulete mchanga mwingine. Malori 10 kwa usiku mmoja ni mitungi 1,250. Na mchanga ukiisha hadi mwambani, mafuriko yanayofuata hayana kitu cha kuyashika. Yanapita tu, yanakula kingo, na mama aliyekuwa akichota karibu anatembea mbali zaidi.

Ndiyo sababu Makueni ilipopata serikali yake ya kaunti mwaka 2013, mchanga haukuchelewa kuwa jambo la siasa. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Haikuwa sheria ya makaratasi tu. Katika miaka ya 2010 watu waliuawa Makueni katika mizozo ya mchanga. Tusiwasahau pia vijana wanaopakia malori hayo kwa sepetu usiku. Wengi ni wa papo hapo, na hela ya lori inapatikana leo wakati maji ya bwawa ni faida ya kesho. Mtu mwenye njaa huwezi kumhubiria hidrolojia. Sheria inayofaulu ni ile inayompa kijana huyo kazi nyingine, au inayomruhusu avune mahali ambapo mto unaleta mchanga kupita mahitaji yake.

Neno la mwisho kwa wenye matangi

Nimewahi kuulizwa na wasomaji wachache mahali pa kununua mchanga mpya wakati wa kubadilisha sakafu. Jibu langu ni kwamba mara nyingi huhitaji mpya. Udongo ndio unaochoka. Kwatzi haichoki. Ukitoa sakafu ya zamani, chekecha, tenganisha mchanga na matope, matope uyamwage kwenye mche wa sukumawiki au wa mchungwa, utaona yatakavyoupenda. Mchanga uoshe, uanike juani, uurudishe. Kilo 14 zile zile zinaweza kukutumikia maisha yako yote, na watoto wako wakazirithi wakitaka.

Na kama unajenga nyumba, usitosheke na kuuliza bei ya lori. Uliza limetoka mto gani, na kama muuzaji ana kibali chake.

Makala ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi. Mpaka hapo, kila la heri.